Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya mji wa Tunduma: mji uko juu ya kofia ya paa

Waheshimiwa,

Shikamooni. Kwa mlio rika langu, habari za kazi.

Mimi ni fundi wa kuezeka. Nilianza kupanda ngazi hapa Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, wakati nyumba nyingi zikiezekwa kwa bati jeupe la geji 30, na bado napanda leo, wakati kila mtu anataka bati la msauzi la rangi ya damu ya mzee. Nawaandikia wote mnaoshika mambo ya mji huu: wa ramani, wa maji, wa shule, wa barabara. Sitaji ofisi. Nikitaja moja, nyingine itasema barua si yake.

Nililonalo ni hili: mji wetu unapangwa kana kwamba uko bondeni, na sisi tunakaa juu ya paa.

Nieleze nilivyolijua hilo, maana sikuzaliwa nalo. Niliezeka nyumba ya mwalimu mstaafu wa jiografia upande wa Mpemba. Siku ya kufunga kofia, lile bati la kukunja linalofunika mgongo wa paa pale pande mbili zinapokutana, mzee alisimama chini akinitazama, kisha akacheka peke yake. Nikamuuliza kulikoni. Akasema, "Fundi, hapo ulipokaa ndipo mpakani." Nikadhani anatania. Aliniteremsha, akanipa chai, akafungua ramani kubwa iliyochanika kwenye mikunjo, akaanza kunieleza mpaka chai ikapoa.

Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani walitia saini Berlin mkataba wa kugawana nchi zisizo zao. Mahali pengine walifuata mto, kama Songwe ile inayoingia Ziwa Nyasa. Kwa kipande chetu hawakuwa na mto wa kuufuata. Wakaandika kwamba mstari utapita kwenye ukingo wa bonde la mto Kongo mpaka unapokutana na nyuzi 32 za longitudo ya mashariki. Ukingo wa bonde ni pale maji ya mvua yanapoachana, haya yanakwenda huku, yale yanakwenda kule. Tunduma tuko katikati ya nyuzi 32 na 33, juu kabisa ya ukingo huo, mita 1,600 na ushei kutoka usawa wa bahari.

Mzee alimwaga chai kidogo kwenye sahani iliyogeuzwa juu chini ili nione. Tone linaloanguka upande wetu linatafuta vijito vya kuteremkia mto Momba, na Momba humwaga Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mlango wa kutokea. Maji yakifika huko hukauka kwa jua na kuacha magadi. Tone linaloanguka upande wa Nakonde, mji wa Zambia ng'ambo yetu, linashuka kuelekea Chambeshi, linapita vinamasi vya Bangweulu, linaingia Luapula na Ziwa Mweru, na mwisho linakuwa mto Kongo hadi Atlantiki. Wanyamwanga wa pande zote mbili walikuwa wakikaa juu ya mgongo huu kabla ya huo mkataba, na nina hakika hakuna aliyeulizwa.

Nimefanya kazi juu ya vipaa vya watu miaka yote hii, na sikuwahi kufikiri kwamba mji mzima umekaa juu ya kimoja. Tukishangaa kwa nini mji wenye mvua nzuri hauna mto wa kujivunia, jibu liko palepale kwenye mkataba. Kama pangekuwa na mto mkubwa hapa, hapa pasingekuwa ukingo wa bonde, mpaka usingepita hapa, na bila mpaka Tunduma ingebaki kijiji. Juu ya kofia maji hayatulii. Kisima unachochimba mgongoni Machi kinakupa maji karibu, Septemba kamba haifiki. Na watu tunaongezeka: sensa ya 2012 ilitukuta hatujafika laki moja, ya 2022 ikatukuta tumevuka laki mbili.

Sasa fundi yeyote atawaambia, paa lisilo na gata, ule mfereji wa kukinga maji ukingoni, huharibu nyumba mara mbili. Kwanza maji yanayomwagika yanachimba msingi. Pili, mwenye nyumba anabaki bila maji ya kufulia wakati yamepita juu ya kichwa chake usiku kucha.

Naomba niwaonyeshe mahali pamoja. Sitaitaja shule. Nilipewa kibarua cha kuezeka jengo la madarasa mawili na ofisi ya walimu katikati. Paa lake mita 24 kwa 9. Tulipomaliza kupigilia fisha bodi, ubao wa ukingo wa paa, nikamuuliza msimamizi, gata zinakuja lini? Akafungua makaratasi akanionyesha: hazimo kwenye BOQ, yaani orodha ya vifaa na kazi za kulipiwa. Nikasema basi hata upande mmoja, pale penye mteremko. Akasema, fundi, wewe maliza kilichoandikwa. Nikamaliza kilichoandikwa, nikalipwa, nikaondoka. Sina ugomvi naye, makaratasi hayakuwa yake.

Nilirudi pale Januari kumpeleka mtoto wa dada yangu. Chini ya ukingo wa paa palikuwa na mfereji wa kina cha kiganja, umenyooka kama umechorwa kwa uzi, na jiwe la msingi lilikuwa limeanza kuchungulia. Maji mekundu yalitoka hapo, yakavuka uwanja wa gwaride, yakaingia barabarani na kuendelea kukata korongo mbele ya nyumba ya mama mmoja anayeuza vitumbua. Mama yule ameweka magunia ya mchanga mlangoni. Mwaka huohuo, Agosti, nilipita tena pale asubuhi: watoto wanaingia getini kila mmoja na kidumu cha lita tano, maana chooni hakuna maji na bustani ya shule inakufa. Kidumu kinavuja, soksi zimelowa, na Agosti kwetu mnaijua.

Nikapiga hesabu kwa chaki ukutani, na nawapigia hapa tena. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, hilo halibishaniwi. Sisi hupata karibu milimita 1,000 kwa mwaka, mwaka mwingine pungufu. Paa lile lina mita za mraba 216. Toa moja ya tano kwa ajili ya kinachorukia pembeni, kinachokauka na mvua ya kwanza inayotakiwa kuachwa imwagike kwa sababu ya vumbi la malori. Zinabaki zaidi ya lita 170,000. Ni madumu ya lita 20 zaidi ya elfu nane, yaliyopita juu ya vichwa vya watoto wale na kwenda kuchimba korongo la mama wa vitumbua.

Najua mtasema wananchi wajiwekee matenki wenyewe. Anayeweza anaweka, na mimi nafunga kila mwaka. Lakini mvua yetu ni ya msimu mmoja, na hapo ndipo watu kutoka Pwani wanapokosea. Wao wana vuli na masika; tenki likiisha Agosti, Oktoba linaweza kujaa tena. Sisi ukanda wa mvua hutufikia ukishuka kusini kuanzia Novemba, unatuacha Aprili ukipanda kurudi kaskazini, halafu basi. Miezi sita ni mbingu kavu. Familia inayotumia madumu matano kwa siku, simtanki la lita 5,000 lililojaa hadi mdomoni tarehe 1 Mei linaisha Juni 19. Kutoka hapo mpaka Novemba ni mkokoteni na boza. Ndiyo maana nasema majengo ya umma ndiyo yaanze: shule, zahanati, soko, stendi, majengo ya forodha yenye mapaa ya kutosha kucheza mpira juu yake. Hayo ndiyo yana mapaa makubwa na viwanja vya kuchimbia matenki ya tofali chini ya ardhi, ya lita 50,000 na zaidi. Nyumba ya mtu binafsi haina pa kuchimba, ploti zetu mnazijua zilivyobanana.

Sisemi mwache miradi mikubwa ya maji. Bomba likija nitakuwa wa kwanza kufungua koki. Nasema tu kwamba maji ya mradi wowote lazima yapandishwe mgongoni kwa pampu, na pampu inakula umeme kila siku ya Mungu. Ya paa yamekwisha kupanda yenyewe.

Na yale yasiyokingwa yanahitaji mitaro inayojua inakokwenda. Tuna kata inaitwa Maporomoko. Jina peke yake lingetosha kumfanya mchora ramani afikiri mara mbili. Mtaro wa mjini kwetu mara nyingi unajengwa vizuri kwa mita mia mbili za barabara, kisha unaishia hewani, kwenye ukingo wa kiwanja cha mtu. Dhoruba za Desemba na Januari hapa haziji kwa kunyunyiza. Zinakuja alasiri, na radi, mara nyingine na mawe yanayoacha vishimo kwenye bati kama mtu amelipiga kwa nyundo ya mpira, na kwa nusu saa barabara ya kwenda Sumbawanga inakuwa na kijito kila upande. Mtaro uanzie chini, pale maji yanapofikia kijito cha kweli, ndipo upande kuja barabarani. Hata sisi tunaezeka kuanzia chini kwenda juu, na bati la juu hulalia la chini. Ukianza juu, unavuja.

Nije kwenye baridi, maana hili ndilo watu wa ramani hawaliamini mpaka waje na shati la mikono mifupi.

Hewa hupoa nyuzi sita na nusu hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Sisi tukilinganishwa na Dar es Salaam, ni nyuzi kumi chini kabla hujahesabu jambo lingine. Madereva wa malori wanajua: wanashuka Juni wakiwa na kandambili, na kabla hawajafika kwenye foleni ya forodha wamesimama kwenye mtumba wakipima makoti. Kipupwe chetu kina tabia yake. Mbingu inakuwa safi, hewa kavu, na usiku joto lote la ardhi linapaa bila wingu la kulifunika. Bati ndilo linalopoa haraka kuliko kitu chochote, kwa sababu ni jembamba na linatazama mbingu. Mimi saa kumi na mbili asubuhi ya Julai silishiki bila glovu. Siyo maringo, vidole vinakufa ganzi na msumari unaanguka.

Sasa ingieni darasa lisilo na silingi bodi, yaani dari, asubuhi kama hiyo, watoto sitini au zaidi ndani. Pumzi zao zinapanda, zinakutana na bati lililopoa, zinageuka maji. Nimesimama humo nikirekebisha kenchi, zile mbao zinazobeba paa, tone likaniangukia shingoni, nikadhani paa langu linavuja. Nikatazama juu kwa aibu. Halikuwa linavuja. Ilikuwa pumzi ya darasa la pili, inarudi kwenye madaftari yao.

Michoro ya majengo inaletwa kama sare: tofali za matundu juu ya dirisha ili upepo upite, kibaraza wazi, hakuna silingi. Kwa Kibaha ni sawa kabisa, na nadhani aliyechora alikuwa anatokwa jasho. Hapa upepo wa kusi wa Juni hadi Agosti unapita kwenye matundu hayo kama umealikwa. Naomba kwa majengo mapya ya juu huku, matundu yawe ya kufungika, madirisha yawe na vioo, na silingi iwe sehemu ya jengo badala ya kuwa zawadi ya mfadhili. Pia watu waambiwe kwa sauti kubwa kila mwezi wa sita wasilale na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa yake haina harufu, na aliyelala haamki.

Halafu saa. Hili nalijua kwa kivuli changu. Juu ya bati kivuli changu kinakuwa kifupi kuliko vyote karibu saa saba mchana, na vitabu vinasema saa sita. Mwalimu wangu wa chai alinifafanulia: saa ya Tanzania imepimwa kwa nyuzi 45 za mashariki, ambazo ziko baharini huko mbele ya Pwani, na sisi tuko nyuzi 12 nyuma yake. Kila uzi ni dakika nne. Matokeo yake, mwezi wa Julai jua letu linachomoza kama saa moja na dakika tano asubuhi, karibu nusu saa baada ya kuchomoza Dar es Salaam.

Mtoto anayetakiwa awe shuleni saa moja kufagia na kumwagilia, anatoka nyumbani gizani. Na saa ya baridi kali kuliko zote ni hiyo, kabla tu ya jua. Anatembea kando ya barabara kuu yenye malori ya shaba yaliyowasha taa kali, ameficha mikono ndani ya sweta, kidumu kimening'inia kwenye kiwiko. Ng'ambo ya boda, hatua mia chache, saa za Zambia ziko nyuma kwa saa moja. Jua lilelile linawachomozea wakiwa saa kumi na mbili na dakika tano. Mtoto wa Nakonde akiambiwa afike saa moja, anafika jua likiwa limeshapanda. Hatuombi kubadili saa ya nchi. Tunaomba kwa wiki za Juni, Julai na Agosti mwanzoni, shule za mji huu zianze nusu saa baadaye, na kufagia kufanyike mchana. Haihitaji mfuko wa saruji hata mmoja. Kama kuna waraka unaozuia, basi andikeni barua kama mimi nilivyoandika hii.

Miti nitaigusa kidogo. Kila mwaka Machi ikielekea Aprili tunaitwa kupanda miti, na picha zinapigwa. Kwetu hapo mvua inafunga virago. Mche unaopandwa wiki hiyo una mwezi mmoja wa kunywa na miezi sita ya kiu, na mbuzi juu yake. Pandeni Desemba. Picha zitakuwa na matope, lakini mti utakuwapo mwaka unaofuata kuzuia vumbi la Septemba.

Kuhusu utabiri wa hali ya hewa, redioni sisi tunawekwa kwenye Nyanda za Juu Kusini Magharibi pamoja na Sumbawanga, Mbeya, Njombe na Iringa. Si vibaya. Ila ndani ya mkoa wetu huuhuu wa Songwe kuna Kamsamba, chini kwenye ufa wa Rukwa, ambako watu wanalala nje kwa joto usiku ambao sisi tunatafuta blanketi la pili. Ukiniambia "Songwe baridi ya wastani", umemdanganya mmoja wetu. Kipimajoto na chombo cha kupimia mvua katika kila shule ya sekondari, na mwanafunzi wa zamu wa kuandika, vingetuonyesha ndani ya miaka mitano paa hili linapokea nini hasa. Na fundi angejua atengeneze gata za upana gani. Mimi mpaka sasa nakisia.

Wakati kituo cha pamoja cha forodha kilipozinduliwa Oktoba 2019, nilisimama kwenye umati nikiangalia mapaa yale mapya. Wenzangu walikuwa wanaangalia marais wawili. Nilikuwa nahesabu mita za mraba, na bado nazikumbuka kwa makadirio, kama kuna atakayezihitaji.

Shule ile niliyoisema inahitaji gata za mita 48, vishikizo, mabomba mawili ya kuteremshia na tenki. Vifaa vikipatikana, kazi yangu ni bure, na vijana wangu wawili nitawalipa mimi. Mwenyekiti wa mtaa anajua ninapokaa. Mvua ni Novemba. Ngazi ninayo.

Ni mimi,
Fundi wa kuezeka, Tunduma